Kazi yangu ni kuchezesha wazee bingo, na msicheke

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba nalipwa kuchezesha wazee bingo wanacheka, alafu wanauliza na mshahara je, nikiwatajia mshahara wanacheka tena. Sawa. Ila leo nataka nitoe kitu ambacho kimenikaa kooni muda mrefu, kwamba bingo ya wazee ni kazi yenye ufundi wake, na wengi wanaoifanya wanaiharibu kwasababu ya huruma. Huruma ndo inaua mchezo. Ntafika huko, ngoja kwanza niwaeleze wageni.

Mi ni mtu wa Tanga, niko Uingereza kaskazini huku upande wa Yorkshire. Nilianza na kazi za kea kama wengi wetu, kunyanyua, kuogesha, kulisha, kubadilisha shuka, mpaka mgongo ukaanza kudai haki zake, ndo ikatokea nafasi ya mratibu wa shughuli kwenye nyumba ya wazee ninayofanya mpaka sasa. Mratibu wa shughuli maana yake wewe ndo unapanga nini kinaendelea sebuleni baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha mchana, yani kuimba, mazoezi ya kwenye kiti, kupanda maua kwenye vyungu, mbwa wanaoletwa kutembelea wazee (wapo, na wana ratiba kuliko mimi), na bingo. Hivyo vingine vyote vina watu wake. Bingo ina watu wote, hata wanaosema hawapendi bingo wanakuja kukaa jirani ili wajue nani kashinda wapate cha kulalamikia.

Mama alivyosikia mara ya kwanza hakucheka. Alinyamaza kwenye simu, akauliza, "Mwanangu, hiyo si kamari?" Swali la haki kabisa, kwetu kamari sio kitu cha utani. Nikamwambia mama, hakuna anayeweka hata senti, tiketi bure, zawadi zinatoka kwenye bajeti ya nyumba, anayeshindwa hajapoteza kitu. Na hata sheria ya kamari ya huku, ile ya 2005, mchezo wa faragha wa namna hii hauhitaji leseni mradi hamtozi watu kiingilio. Mama akasema haya, ila wasizidishe. Sijui aliogopa wazidishe nini, sabuni?

Sasa bingo yenyewe. Msoma namba anatoa mipira yenye namba mmoja mmoja kutoka kwenye kapu, ukiwa na namba hiyo kwenye tiketi yako unaipiga wino. Kuna ya Kimarekani ambayo wengi mmeiona kwenye filamu, kadi ya mraba tano kwa tano, herufi B-I-N-G-O juu, kiboksi cha bure katikati, mipira 75. Huku Uingereza wanacheza ya mipira 90. Tiketi yake imelala, ina mistari mitatu na safu tisa, kila mstari una namba tano na viboksi vinne vitupu, kwahiyo tiketi nzima ina namba 15. Safu ya kwanza inabeba moja mpaka tisa, ya pili kumi mpaka kumi na tisa, inaenda hivyo mpaka ya mwisho yenye 80 mpaka 90. Mnashindania mara tatu, wa kwanza kujaza mstari mmoja, wa kwanza kujaza miwili, alafu fulu hausi, tiketi yote.

Nilivyofika pale nilikuta wanatumia kadi za Kimarekani, kuna mtu alizichapisha bure kutoka mtandaoni. Wazee walikua wanacheza, ila wanacheza kama mtu anayekunywa uji wa hospitali. Nikamuuliza bibi mmoja shida nini, akanijibu bila kuinua macho kwamba hii siyo bingo. Basi. Tukaagiza vitabu vya tiketi za 90 zenye maandishi makubwa na wiki ile ile sebule ikawa na kelele. Na sio ubishi wa kizee tu, zile safu zina msaada wake, mzee akisikia 47 hana haja ya kupekua kadi nzima, anaenda kwenye safu ya arobaini ambayo haiwezi kuwa na zaidi ya namba tatu, jicho linapumzika. Kwenye kumbi za kweli watu wananunua ukanda wa tiketi sita kwa pamoja, na kwenye hizo sita kila namba kuanzia 1 mpaka 90 ipo mara moja, yani kila mpira ukitoka lazima upige wino mahali. Kwangu tunacheza tiketi moja au mbili, labda bibi mmoja tu anayetaka sita na anazimudu, huyo ntamrudia.

Inabidi uelewe hawa watu ni nani. Wengi wamezaliwa miaka ya 1930 na 1940. Sheria ya 1960 ilipofungulia biashara ya bingo huku, kumbi zilianza kuota kuanzia 1961, na wakati huo huo televisheni ilikua inazifilisi sinema, kwahiyo majumba makubwa ya sinema yakageuzwa ya bingo. Kuna lile la Granada pale Tooting, London, lilifunguliwa kama sinema 1931, ndani utadhani kanisa kuu la zamani, nalo likaja kuwa la bingo. Kwa mwanamke aliyekua anafanya kazi kiwandani wiki nzima, jumba la bingo lilikua mahali anapoweza kwenda jioni yeye na shoga zake bila mume na bila watu kumsema, akakaa, akavuta sigara yake, akacheka, akarudi. Bibi mmoja ameniambia mumewe alikua na pombe yake Ijumaa na yeye ana bingo yake Alhamisi na ndoa ikadumu. Kwahiyo unapomletea mtu huyu tiketi yenye picha ya dubu pembeni ili ionekane inapendeza, jiulize unamchezesha nani.

Huyo bibi wa tiketi sita ndo aliyekua akifanya kazi kwenye jumba la bingo enzi hizo, alikua anakagua tiketi za washindi. Mi namwita Mkaguzi, kimoyomoyo. Anakaa kiti cha karibu na dirisha, ana dabba zake mwenyewe, zile kalamu nene za kugongea wino, ya zambarau na ya kijani, na ukikosea utaratibu anakohoa. Yeye ndo alinifundisha kwamba mpira ukishatoka hauurudishi kwenye kapu mpaka mshindi akaguliwe, na kwamba ukimkagua unasoma namba zake kwa sauti ili sebule nzima isikie, sio unachungulia tiketi unasema ndiyo ndiyo hongera. Watu wanataka kusikia ushahidi. Mtu akiita bingo na kumbe hajashinda, kule kumbini walikua wanamzomea, na kwangu pia wanamzomea, mwanzoni nilitaka kukataza, Mkaguzi akaniambia niache.

Na kuna majina ya namba. Hapa ndo mgeni anapotea. Huku msoma namba hasomi namba kavu, kila namba ina kibwagizo chake na sebule inajibu. 11 ni miguu, kwasababu ya ile moja moja mbili zilizosimama, na ukiitaja wazee wa kiume wanapiga mluzi. 22 ni bata wawili, watu wanalia kwek kwek. 9 ni amri ya daktari, imetoka jeshini, kulikua na kidonge namba tisa ambacho askari walikua wanapewa cha kuwaendesha tumbo, mzee mmoja alinieleza hili wakati wa chakula na kwa kirefu sana. 21 ni ufunguo wa mlango, maana zamani ukifika miaka 21 ndo ulihesabika mtu mzima ukapewa ufunguo wa nyumba, umri ulishushwa kuwa 18 mwaka 1970 lakini bingo haijashushwa. 65 ni pensheni, na hapo kila mara kuna atakayesema siku hizi ni zaidi ya hapo, wezi hawa. 10 ni pango la waziri mkuu, kwasababu ya nyumba namba 10 Downing Street, na jina la kwenye pango linabadilika kila waziri mkuu akibadilika. Kwa miaka ya karibuni kazi hiyo peke yake ilitosha kunichosha, nilikua nimeshazoea jina moja wanaleta lingine, 2022 walipita watatu.

88 ni wanawake wawili wanene. Kuna mtu wa ofisini alipendekeza tuiache maana inadhalilisha. Nikapeleka hoja sebuleni tupige kura. Tuna mabibi wawili wanene kwelikweli ambao wanakaa pamoja siku zote, na hao ndo waliokataa kwa nguvu kuliko wote, walisema hiyo ndo namba yao. Ikitoka wanainua mikono.

Mi na lafudhi yangu ya Kitanga nilidhani majina haya ndo yatanishinda. Kumbe la hasha, kinachosumbua ni 13 na 30, 14 na 40, mpaka 19 na 90. Kwa Kiingereza zinafanana sana sikioni, na sikio la miaka 85 linapoteza kwanza zile sauti nyembamba za juu, s, f, th, t, yani zilezile zinazotenganisha neno na neno. Dawa yake ni ya zamani, unasoma tarakimu moja moja alafu namba nzima: moja na tatu, kumi na tatu; tatu na sifuri, thelathini. Namba ya tarakimu moja unasema "peke yake, nne". Unasema mara mbili, mara zote mara mbili, hata kama sebule imetulia, na kati ya mara ya kwanza na ya pili huongezi neno. Usianze kusema "nimesema thelathini, jamani mmesikia, thelathini, sio kumi na tatu", hapo umewapa namba mbili kichwani na umeharibu. Na uso wako uangalie watu, wengi wanasoma midomo bila hata wenyewe kujua.

Hili la midomo niliona wazi 2020. Machi ile wageni walizuiwa, sebule ikafungwa, kila mtu chumbani kwake, na tukaanza bingo ya mlangoni, viti vinasogezwa mpaka kizingiti, mi niko katikati ya korido na kapu la mipira kwenye troli ya chai napiga kelele. Nina barakoa. Watu waliokua wanacheza vizuri miaka yote wakawa hawaelewi kitu, na sauti haikua shida, nilikua napaza mpaka naumwa koo. Mdomo hauonekani! Ikabidi niwe na ubao mweupe mdogo, naandika namba kubwa, napita mlango hadi mlango. Mchezo uliokua unaisha kwa dakika kumi ukawa unachukua karibu saa zima, na hakuna aliyelalamika kuhusu muda, muda ndo kitu tulichokua nacho. Ule ubao sijauacha mpaka leo. Kila namba inatajwa na inaandikwa.

Mengine ni madogo madogo ila ndo yanayoamua kama mtu atacheza au atakaa tu. Televisheni izimwe, sio ipunguzwe sauti. Asiyesikia sikio la kulia akae upande ambao la kushoto linanielekea. Karatasi iwe ya njano hafifu, isiwe nyeupe inayong'aa, kwa wenye mtoto wa jicho ule mng'ao unafuta namba. Taa nyuma ya mzee, dirisha lisiwe usoni mwake. Wenye mikono inayotetemeka dabba inawasaidia kuliko vibonye vya kufunikia namba, mana vibonye ukikohoa tu mezani vimehama vyote. Na kuhusu vibonye, tafadhali, vile vya plastiki vya rangi rangi vinavyopitisha mwanga ni vizuri sana na vinafanana na pipi, na ukiwa na mtu mwenye shida ya kumbukumbu mezani kitaenda mdomoni, hiyo sio labda. Kwetu vile tulivitoa, waliobaki na vibonye wanatumia vya mbao vikubwa.

Kuna mzee alikua dereva wa treni, alipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo. Alikua anapenda bingo na hashindi, hashindi, hashindi, mpaka akaanza kusema mchezo umepangwa. Siku moja nikakaa nyuma yake nikamwangalia. Namba zote za upande wa kulia wa tiketi kazipiga wino safi kabisa, za kushoto hajagusa hata moja, utadhani tiketi imekatwa nusu. Na sahani yake ya chakula ni hivyo hivyo, anakula nusu ya kulia anasema ameshiba, ukimgeuzia sahani anaendelea. Jicho lake zima, ni ubongo ndo hauhesabu upande wa kushoto kama upo. Yule mtaalamu wa tiba kwa vitendo akatupa ujanja, tukabandika utepe mwekundu mnene ukingoni kushoto mwa tiketi, tukasogeza tiketi yenyewe kuliani kwake, na kila namba ikitajwa yeye anaanza na utepe: tafuta nyekundu kwanza, ukiiona ndo uanze kusoma. Hatukumpigia wino hata namba moja. Fulu hausi yake ya kwanza alichagua bati la biskuti, akakaa nalo mapajani jioni nzima hakumfungulia mtu.

Na sasa nafika kwenye huruma.

Mfanyakazi mgeni ukimwambia msaidie bibi fulani kucheza, anakaa kando yake, namba ikitajwa mkono wake ndo unafika kwanza. Tap. Namba nyingine, tap. Bibi anaangalia mikono ya mwenzie. Mwisho wa mchezo mfanyakazi anapiga kelele BINGO kwa niaba yake, watu wanapiga makofi, bibi anapewa losheni. Nani kacheza hapo? Mi sheria yangu kwa msaidizi ni moja, ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Namba ikitajwa unanyamaza. Akihangaika, unairudia namba. Akihangaika bado, unamwambia iko safu ya mwisho. Bado, unaonyesha safu kwa kidole, sio namba. Na kama mpaka hapo hajaiona na mpira mwingine umetoka, basi imempita, na sisi tuna utaratibu kwamba ukiikosa unaweza kuita kuanzia mpira unaofuata wakati wowote, tofauti na kumbini ambako ukichelewa umekosa. Hiyo ni nafuu tunayompa kila mtu sawasawa. Nafuu ya kila mtu ni sheria, nafuu ya mtu mmoja wengine wakiona ni matusi, kwake na kwao.

Kuna kipindi nilienda likizo, na mtu mmoja wa juu, mwenye nia njema kabisa, akaja na wazo kwamba inasikitisha wengine wanakosa zawadi, kwahiyo kila anayecheza apewe chokoleti mwisho wa mchezo ili pasiwe na mnyonge. Narudi nakuta Mkaguzi kaniwekea chokoleti mezani ofisini, haijafunguliwa. Nikamfuata kumuuliza. Akasema, "Hii sikuishinda." Basi hakuongeza neno. Na sio yeye tu, wiki mbili zile sebule ilikua imepungua watu, mzee mmoja alisema kama ni kugawa chokoleti si wagawe tu, ya nini kukaa kusikiliza namba. Nilipigana mpaka ule utaratibu ukafutwa, na sikupigana kistaarabu sana.

Maana fikiria mtu wa miaka 88. Wakati wa kuamka anapangiwa, wakati wa kuoga anapangiwa, dawa anapangiwa, chakula anachagua kati ya viwili. Kila mtu anamwongelesha kwa sauti ya juu na tamu, "umefanya vizuri sana!", kwa kumaliza supu. Sehemu pekee kwa wiki ambayo anaweza kushindwa kweli ni bingo, na kama hawezi kushindwa basi pia hawezi kushinda. Mipira haimjui. Haijui ana ugonjwa gani, haijui mwanae hajaja tangu Krismasi. Kuna ule utulivu unaoingia watu wawili wanapobakiza namba moja kila mmoja, watu wanaacha hata kukohoa, we unadhani chokoleti ya kugawiwa inaweza kuleta kitu kama hicho?

Ndo maana hata ofisi ilipotuletea programu ya kwenye tableti, unabonyeza inatoa namba yenyewe na sauti yenyewe, nzuri kwelikweli, haikupita. Waliiangalia mchezo mmoja wakataka kapu lao. Mzee mmoja aliyefanya kazi benki akasema hawezi kuamini kitu ambacho haoni mipira ikizunguka. Nikajaribu kueleza, akaniuliza kama mi nimeona ndani ya hiyo tableti. Sikua na jibu.

Zawadi ziwe vitu vya kutumika na ziwe juu ya meza wazionee kabla. Losheni ya mikono, sabuni yenye harufu ya lavenda, stempu, vitabu vya chemsha bongo vya maandishi makubwa, soksi za joto, ndizi (usicheke, ndizi zinagombaniwa), na mbegu za ndege kwa wenye vibanda vya ndege nje ya madirisha yao. Vitamu viwe vichache kwasababu ya wenye sukari, na biskuti unaangalia nani ana shida ya kumeza kabla hujampa mkononi. Mshindi anachagua mwenyewe, achukue muda wake. Bibi mmoja aliwahi kuzunguka meza nzima akachukua kitana cha kiume, hakuna aliyemuuliza.

Wizi upo. Kuna bibi anapiga wino namba ambazo hazijatajwa na akikaguliwa anashangaa kwa uso wa malaika. Wananiuliza kwanini sikemei. Mkaguzi anamkemea vizuri kuliko mimi. Na viti vya bahati vipo pia, hilo sikulijua mpaka lilipotokea. Kulikua na bibi anashinda sana, alikaa kiti kile kile karibu na redieta (lile chuma la ukutani la kupasha nyumba joto), akafariki, tukamzika Jumatatu, na Jumatano kulikua na ugomvi wa nani akae pale, ugomvi wa kweli wa fimbo za kutembelea. Wafanyakazi vijana walishtuka wakaona hawa watu hawana huzuni. Walikua nayo, walikua wamelia kanisani mbele yangu. Lakini kiti ni kiti, na redieta ile inapata moto. Tukaamua kinapigiwa kura ya karatasi kila wiki.

Sasa wale mnaoniandikia kuuliza kama inawezekana kufanya nyumbani, kwa wazee wa mtaani au bibi zenu. Inawezekana, na hamhitaji kununua kitu. Nilivyokua likizo Tanga nilijaribu barazani kwa shangazi, wanawake wa mtaani watu wazima, wengine macho hayaoni vizuri. Wazee wa kiume walikua upande wao na dhumna zao na kahawa, wakajifanya hawasikii, alafu mmoja akaja kusimama mlangoni, alafu wakaja wote. Niliandika namba kwenye vipande vya karatasi ngumu nikaviweka kwenye kapu la ukili, tiketi nikachora kwa rula na kalamu nene, nikafanya ndogo ya namba 1 mpaka 40 tu kwasababu tisini ni ndefu kwa mara ya kwanza. Asiyesoma tarakimu akae na mjukuu, mjukuu ashike kikombe. Kwa Kiswahili namba zinasikika vizuri kuliko Kiingereza ila sita na saba, na sitini na sabini, huwa zinagongana kwa mtu mwenye masikio mazito, kwahiyo inua vidole au andika chini kwa mkaa. Mtu akishinda soma namba zake kwa sauti, msichukuliane poa. Zawadi yetu ilikua kipande cha sabuni na kanga moja kwa fulu hausi, na shangazi yangu wa damu alizomewa na baraza zima kwa kuita mapema.

Majina ya namba wakaanza kutunga wenyewe hapo hapo, mengine siwezi kuyaandika humu. Vya kufunikia namba tumieni vizibo vya soda, muuza duka atawapa bure, ila vioshwe kwanza na vikauke, sisi hatukuviosha na kufika raundi ya pili sisimizi walikua wanacheza tiketi zote kwa pamoja.